Mpini Unaosikika

Muuzaji ananitupia jicho la pembeni
kwa kuwa nimeshika mpini wa tatu
na ninaugonga kwenye saruji ya duka lake,
ngo, ngo,
nimetega sikio kama fundi wa piano.
"Bibi Nateli," anasema, "mopu hainunuliwi kwa sauti."
Atajuaje, kijana wa watu?

Nianze na sakafu.
Chumba changu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Sololaki,
kina mbao za mwaloni alizozipanga baba, Ermile,
mfano wa mifupa ya samaki,
kila ubao umelalia bega la mwenzake.
Zinapenda kung'aa, hazipendi kuoga.
Maji yakisimama juu yake dakika mbili
zinatuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.
Jikoni ni vigae, na vigae havisikii la mtu:
mafuta ya bilinganya hayatoki
mpaka uyabembeleze kwa maji ya moto, mara mbili.
Nyumba moja, sakafu mbili, mgongo mmoja,
nao una miaka sitini na tisa.

Maisha yote nilitumia mopu ya nyuzi,
ile nzito, yenye kichwa cha ajuza aliyetoka kuogelea.
Uikamue utakavyo, nusu ndoo itabaki njiani.
Ndipo Avtandil wa chini akapanda ngazi
na picha kwenye simu:
dari lake, na darini doa la manjano
lenye umbo la pea.
"Hili ni lako," akasema.
Sikubisha. Maji hufuata mkondo,
na mkondo wangu ulikuwa juu ya kitanda chake.

Basi nikaingia kuchagua.
Ya sifongo inanyonya vizuri
ila haifiki pembeni, na manyoya ya paka
inayatembeza tu chumba kwa chumba, kama wageni.
Binti yangu Tsiala akapiga simu kutoka Poznan:
nunua ya mvuke, mama, nitatuma hela.
Mvuke! Juu ya gundi ya mwaka wa hamsini na nane!
Nikamwambia mnunulie mtoto viatu.
Nikachukua ile bapa, kitambaa chake kinavuliwa kama soksi,
mpini wa alumini, mwepesi kama ahadi.
Unakikamua kitambaa hadi kiseme basi,
unakipitisha upande huu, upande ule, kama mifupa ilivyo,
na unyevu umekauka kabla hujafika dirishani.
Hakuna tone. Nilijisifu wiki tatu nzima.

Wiki ya nne mlango ukagongwa.
Avtandil, koti juu ya pajama, hajanyoa,
pumzi kaziacha kwenye ngazi.
"U mzima?"
"Kwani vipi?"
Akatazama sakafu, mimi hakunitazama.
Akasema doa limekauka.
Akasema kila Jumamosi, saa nne na nusu,
akiwa kitandani, na siku hizi mara nyingi yuko kitandani,
tone lilikuwa likianguka kwenye sufuria aliyoitega
naye hujua: huyo yuko, anapiga deki.
"Jumamosi tatu, kimya.
Nikavaa koti."

Sikuwa na neno.
Nilimpa chai na jemu ya cheri.
Alikunywa amesimama kwenye vigae,
akiuogopea mwaloni viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata nikagonga kwa ule mpini wa alumini.
Alisema alisikia kitu kama kijiko kimeanguka
nyumba ya jirani.

Ndiyo maana niko hapa.
Mpini wa kwanza ni msonobari: sauti imejaa pamba.
Wa pili umevikwa plastiki, umeumeza ulimi wake.
Huu wa tatu ni mti mgumu nisioujua jina.
"Ile bapa itaingia hapa?"
Kijana anapima tundu kwa kidole.
Itaingia, anasema, ila kwa kulazimisha kidogo.
Lari kumi na mbili. Ghali, mpini mtupu.
Nagonga mara ya mwisho, nipate hakika,
na nyuma ya rafu za rangi
mtu asiyeniona anaitika:
"Karibu!"